Mshauri wa Wenye Mali na Haki ya Asiyekuwapo

Kutoa shauri ni jambo la kale kama binadamu mwenyewe, walakini kuuza shauri kwa fedha ni jambo jingine. Auzaye nguo huuza kitu kinachoonekana; mnunuzi hukishika, hukikunjua, hukitazama penye mwanga, kisha hutoa bei au huenda zake. Auzaye shauri huuza neno, na thamani ya neno haijulikani siku ya kulinunua. Hujulikana baada ya miaka, na pengine wakati huo msemaji amekwisha kuhama mtaa. Kwa sababu hii watu wa mataifa mengi wamemtaka mshauri awe mwaminifu kupita mchuuzi. Mchuuzi akidanganya, aliyedanganywa hupoteza bei ya kitu kimoja; mshauri akidanganya, aliyedanganywa hupotea njia nzima.

Miongoni mwa washauri wa zama zetu yuko mmoja ambaye neno lake hugeuka tofali. Huyu ni mshauri wa watu watakao kuweka mali zao katika nyumba za kupangisha na mabweni ya wanafunzi. Humwambia mwenye fedha: nunua hapa, usinunue pale, jenga vyumba 20, usijenge 12, toza kodi hii, tia vitanda kadha katika kila chumba. Mitaani huitwa dalali. Akiwa na ofisi huitwa wakala. Akiwa na shahada na mhuri huitwa mthamini au mshauri wa uwekezaji. Majina ni mengi, kazi ni moja. Insha hii yataka kuuliza swali moja tu juu ya kazi hiyo: mshauri huyu ana wajibu kwa nani?

Jibu jepesi ni kuwa ana wajibu kwa yule amlipaye. Jibu hilo si la kudharauliwa, kwa sababu mtu apokeaye ujira wa mwenzake kisha akamtumikia mwingine ni mwizi wa namna fulani. Lakini tukitazama vizuri tutaona kuwa biashara ya nyumba ya kupangisha haina watu wawili. Ina watu watatu. Yuko mwenye mali, yuko mshauri, na yuko mkaaji, yaani mtu atakayelala katika chumba kile wakati mwenye mali na mshauri wamelala makwao. Wawili wa kwanza huketi pamoja, hunywa chai, huandika hesabu na kutia sahihi. Wa tatu hayuko. Mara nyingi siku ile hajulikani hata jina lake. Huenda bado yuko kidato cha tano Songea au Bukoba, hajui kuwa kuna chumba kinachopimwa kwa ajili yake. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii husema kweli juu ya ada ya dunia. Hueleza yanayotokea, haikusema kuwa ndivyo ipasavyo kutokea. Swali letu limo katika nafasi iliyo baina ya mambo hayo mawili.

Ili tusiseme juu ya hewa, na tuchukue mahali panapojulikana. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 katika mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, na kwa muda mrefu mwanafunzi aliyepokelewa chuoni alihesabu kuwa kitanda chake kimo ndani ya kupokelewa kwake. Wanafunzi walipoongezeka, mabweni hayakuongezeka kwa kadiri ile ile. Mwezi wa Aprili 2017 yalizinduliwa mabweni mapya yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na hapana shaka yalipunguza dhiki kubwa, lakini hayakuimaliza. Waliokosa nafasi hutafuta vyumba Sinza, Mabibo, Msewe, Changanyikeni na mahali pengine palipo karibu na mlima. Wanafunzi wenyewe wana neno lao la mwaka hata mwaka: kubebana, yaani aliyepata kitanda kumpa aliyekosa upande wa kitanda kile. Neno hilo lina ucheshi ndani yake, kama maneno mengi ya watu wenye dhiki.

Penye dhiki ya namna hii mwenye mali huona mlango wa faida, na si haki kumlaumu kwa kuuona. Tena tusidhani kuwa mwenye mali ni tajiri mwenye kitambi siku zote. Tuseme ni mwalimu mstaafu, mwanamke aliyefundisha miaka 35, amepokea kiinua mgongo chake, akauza na shamba la urithi, akakusanya na akiba ya ndugu zake wawili. Anataka kununua nyumba ya vyumba 20 karibu na chuo kwa shilingi 400,000,000. Amwendea mshauri na kumwuliza, "Mwanangu, nyumba hii itanilipa?" Mshauri achukua kalamu na kumjibu, "Mama, hesabu yenyewe itasema."

Hesabu ya kwanza ni tamu. Kila chumba kina wanafunzi wawili, kila mwanafunzi hulipa shilingi 100,000 kwa mwezi. Vitanda 40 vyatoa shilingi 4,000,000 kila mwezi, na 48,000,000 kwa mwaka. Hiyo ni faida ya shilingi 12 kwa kila 100 alizotoa. Mshauri akiweka kalamu chini hapo, mama atarudi nyumbani akiimba. Walakini mwaka wa masomo haujai miezi 12. Tuseme vyumba hulipiwa miezi 9. Mapato yashuka yawe 36,000,000. Tuseme kitanda kimoja katika kila kumi hakina mtu, au kina mtu asiyelipa. Yashuka yawe 32,400,000. Tutoe maji, umeme, mlinzi, rangi, mabomba yaliyopasuka na kodi za serikali, jumla sehemu 30 katika 100, yabaki 22,680,000. Sasa faida ni shilingi 5 na senti 67 kwa kila 100. Nyumba ni ile ile, bei ni ile ile, na hakuna aliyeiba. Tofauti imo katika mahali ambapo mshauri alisimamisha kalamu yake.

Hapa waonekana wajibu wa kwanza, nao haubishaniwi na mtu mwenye akili: mshauri lazima aifikishe hesabu mwisho. Lazima amwambie mama kuwa fedha hizo angeweza pia kuikopesha serikali kwa kununua hati fungani, asihangaike na mabomba. Lazima amwulize kama hati ya kiwanja ni safi, kama kuna deni la benki juu yake, kama jirani ana kesi ya mpaka. Wajibu huu ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza, kwa sababu ya namna mshauri alipwavyo. Aghalabu halipwi kwa kusema kweli. Hulipwa biashara ikifungwa. Neno "usinunue" laweza kuwa shauri bora kupita yote aliyopata kuyatoa maishani mwake, na ndilo neno lisilomlisha. Mtu aliyewekwa mahali ambapo kweli humpunguzia chakula apaswa kujichunga kuliko wengine, na jamii yapaswa kumchunga pia.

Sheria imeliona jambo hili zamani. Sheria ya Mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata sheria ya India ya mwaka 1872, yasema juu ya wakala anayejifanyia biashara yake mwenyewe ndani ya kazi ya mkuu wake bila ya kumwarifu: mkuu aweza kumdai faida aliyoipata. Huko Uingereza, chama cha wapima na wathamini wa majengo kilichoanzishwa London mwaka 1868 kiliwakataza wanachama wake, kuanzia Januari 2018, kuwatumikia mnunuzi na mwuzaji kwa pamoja katika biashara moja ya majengo ya kibiashara yanunuliwayo kwa ajili ya mapato. Kwetu mitaani bado si ajabu dalali mmoja kupokea kwa mwuzaji kwa mkono wa kulia na kwa mnunuzi kwa mkono wa kushoto, kisha wapangaji wanapoingia akapokea kwa kila mmoja wao kodi ya mwezi mzima kuwa ni ujira wake. Mtu huyu akiulizwa anamtumikia nani, jibu la kweli ni kuwa anautumikia mkataba. Na mkataba hauna dhamiri.

Lakini tazama, msomaji: sheria hizi zote zawalinda watu walioketi mezani. Mkuu analindwa na wakala wake, mnunuzi analindwa na mwuzaji. Mkaaji hatajwi. Kwa hiyo na tumchukue mshauri asiye na doa. Halipwi na pande mbili, hafichi hati mbovu, hesabu yake huifikisha mwisho. Mama amesikia kweli yote, naye hakupendezwa na shilingi 5 na senti 67. Auliza, "Hakuna njia nyingine, mwanangu?" Mshauri ajua kuwa njia ipo. Chumba kina upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Vikiwekwa vitanda vya kupandana, wataingia wanafunzi wanne badala ya wawili. Kila mmoja hatalipa tena 100,000, atalipa 70,000. Vitanda 80 vyatoa 5,600,000 kwa mwezi, 50,400,000 kwa miezi 9. Tutoe sehemu ya kumi, zabaki 45,360,000. Gharama zimeongezeka, tuseme zimefika 15,360,000. Zabaki shilingi 30,000,000 kamili, nayo ni faida ya shilingi 7 na senti 50 kwa kila 100. Hapana mtu mezani aliyedanganywa. Mama afurahi, mshauri apata ujira wake. Je, limetendeka kosa?

Watakaosema kuwa hakuna kosa wana hoja tatu, na zote zastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni kuwa mshauri ameajiriwa na mmoja. Wakili hamteti mteja wake kwa kumhurumia mshtaki. Kwa nini mshauri wa mama ajishughulishe na mwanafunzi? Jibu ni kuwa wakili husimama mbele ya hakimu, na upande wa pili una wakili wake, au angalau una nafasi ya kusema. Uaminifu wa wakili kwa mteja mmoja haudhuru haki kwa kuwa mahali pale pamepangwa ili pande zote zisikiwe. Meza ya mshauri wa nyumba haina hakimu, wala haina upande wa pili. Pale ambapo sauti moja tu husikika, mwenye sauti hiyo hawezi kudai uhuru wa wakili. Amekuwa wakili na hakimu pamoja, apende asipende.

Hoja ya pili ni ya hiari. Mwanafunzi hakufungwa kamba. Ameona chumba, amesikia bei, amekubali. Hoja hii ina nguvu pale ambapo mtu ana njia mbili. Mwanafunzi afikaye Ubungo mwezi wa Oktoba na sanduku lake, ambaye masomo yake yaanza Jumatatu, hana njia mbili. Hukubali chumba kama mtu mwenye kiu akubalivyo maji ya kisima chochote. Tena mara nyingi hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla ya kupewa ufunguo, hata akiona ubaya wa chumba wiki ya pili fedha zake zimekwisha kuzama. Na fedha zenyewe ni zipi? Kwa wengi ni mkopo wa chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo ni deni. Mwenye nyumba hupokea leo. Mwanafunzi atakatwa katika mshahara wake miaka mingi baadaye, wakati chumba kile amekwisha kukisahau. Kukubali kwa mtu wa namna hii ni kukubali kweli, lakini hakutoshi kuiosha mikono ya wengine wote.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na mtu mkweli hawezi kuipita mbio. Yasema hivi: chumba cha watu wanne kimewapa vitanda wanafunzi 40 zaidi, ambao pengine wangebebana au wangelala mbali, na kimepunguza bei kwa shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Anayelia kwa ajili ya wale wawili wa kwanza waliobanwa, je, amewakumbuka wale wawili wa pili waliopata pa kulala? Tena mama akikosa faida hatanunua. Na kiwanja kitupu hakimlazi mtu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nakiri kuwa hoja hii haina jibu la maneno matupu. Ni uongo kusema kuwa kila nafasi iliyopunguzwa ni dhuluma. Wazazi wetu wengi walilala watoto watano chumba kimoja, na hawakudhulumiwa na mtu.

Basi haki haiwezi kujulikana kwa kuhesabu vitanda peke yake. Lazima tutenge mambo ambayo maskini aweza kuyauza na mambo ambayo hakuna mtu awezaye kumuuzia. Nafasi, kimya, meza ya peke yake, starehe ya kufunga mlango na kuwa pekee: hivi ni vitu vyema, lakini mtu mwenye fedha chache aweza kwa akili yake timamu kuvitoa ili apate kitanda cha bei nafuu. Walakini kuna vitu vingine. Kuna mlango wa pili. Kuna dirisha linaloweza kufunguliwa toka ndani. Kuna waya wa umeme unaoweza kuchukua mzigo wa watu 80 uliowekewa watu 40. Kuna choo na maji ya kutosha ili homa ya mmoja isiwe homa ya wote. Vitu hivi havionekani na mpangaji anayetazama chumba kwa dakika tano. Mshauri huviona, maana kuvitazama ndiyo kazi yake. Mwanafunzi hawezi kuviuza kwa bei yoyote kwa kuwa hajui kuwa vimetolewa katika hesabu.

Tuna ushahidi mchungu wa nini hutokea vitu hivi vinapotolewa. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, bweni lilichomwa moto usiku, na wavulana 67 wakafa. Moto uliwashwa na mikono ya watu, na hao wana hesabu yao. Lakini bweni lilikuwa limejaa kupita kiasi, mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi wa Machi 2013, katikati ya Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa lilianguka asubuhi na kuua watu 36, na ilielezwa baadaye kuwa ghorofa zilikuwa zimezidi zile za kibali. Kitanda cha ziada na ghorofa ya ziada ni ndugu. Vyote huzaliwa penye karatasi ya hesabu, katika ile safu ambayo tarakimu hupanda na hakuna safu ya pili ya kuonyesha ni nini kimeshuka.

Basi mshauri afanye nini? Sidhani kuwa tumtake awe mlezi wa wanafunzi wala awe serikali. Mambo matatu yatosha, na yote yamo katika uwezo wa mtu wa kawaida.

La kwanza ni kusema. Anapomwonyesha mama faida ya kitanda cha tatu na cha nne, na amwonyeshe pia mtu atakayelala juu yake: vyoo vingapi kwa watu wangapi, njia ngapi za kutokea, maji kiasi gani. Watu wengi hutenda ubaya kwa sababu hawakuonyeshwa, na mwalimu aliyelea watoto wa watu miaka 35 huenda akachagua mwenyewe watu watatu badala ya wanne, au akachagua wanne na kuongeza vyoo, pindi tu mtu atakapomtajia. Kunyamaza kwa mshauri humnyima mama nafasi ya kuwa mwema. Hilo nalo ni deni analodaiwa na mama mwenyewe, si na mwanafunzi peke yake.

La pili ni kuandika. Neno lililosemwa juu ya chai hupotea pamoja na mvuke wake. Shauri lililoandikwa, lenye safu ya faida na safu ya mkaaji, humfuata mwenye mali, humfuata na mtoto wake atakayerithi nyumba, na siku ya baraza au mahakama humfuata mshauri pia. Mtu huwa mkweli zaidi ajuapo kuwa kalamu yake itasomwa na asiyemjua.

La tatu ni kukataa. Nafasi yaweza kupunguzwa kwa mapatano, hatari haiuzwi. Mwenye mali akitaka mlango wa pili uzibwe ili kipatikane chumba kimoja zaidi, mshauri aondoke na ujira wake aache. Hapa husikika lile neno la siku zote: nikikataa mimi, mwingine atafanya. Neno hili ni kweli mara nyingi, na halina maana mara zote. Mwingine akifanya, jambo limetendeka mara moja. Na mimi nikifanya, jambo limetendeka mara moja vile vile, lakini kwa mkono wangu. Lau kila mtu angejitetea kwa ubaya wa mwenzake ambaye hajautenda bado, ulimwengu ungejaa maovu yasiyo na mtenda.

Mambo haya yote yamekuwa na haraka zaidi siku hizi, kwa sababu mwenye mali naye ameanza kuwa asiyekuwapo. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn Holdings ya Nairobi ilitoa hati fungani, iliyohesabiwa kuwa ya kwanza ya kijani nchini Kenya, ili kukusanya fedha za kujengea mabweni ya wanafunzi. Januari 2020 hati hiyo ikaorodheshwa katika masoko ya Nairobi na London. Si jambo la kulaumu: fedha nyingi hujenga vitanda vingi, tena kwa viwango vinavyokaguliwa. Nalitaja ili kuonyesha umbali. Mama yetu mwalimu aweza kupita mbele ya nyumba yake siku ya Jumapili akaona nguo zimeanikwa madirishani. Mwenye kipande cha hati hapiti. Kwake bweni ni tarakimu inayofika mara mbili kwa mwaka. Pale ambapo mwenye mali hamwoni mkaaji wala mkaaji hamjui mwenye mali, mtu wa pekee aliyewahi kusimama ndani ya chumba na kusoma pia karatasi ya hesabu ni mshauri. Ujuzi huo wa pande mbili, ambao hakuna mwingine aliye nao, ndio umpao wajibu. Anajua, na kujua hakuwezi kurudishwa.

Wala tusidhani kuwa kumhesabu mkaaji ni mawazo mageni yaliyokuja kwa meli. Katika Mji Mkongwe wa Unguja nyumba nyingi ziliwekwa wakfu na wenyewe, na wengi wao walitaja katika hati ni nani watakaofaidi: uzao wao, watumishi wao, maskini, msikiti. Wakfu ulikuwa na kasoro zake, na nyumba nyingi za namna hiyo zilichakaa kwa kukosa matunzo. Lakini kulikuwa na jambo moja katika hati zile ambalo mikataba yetu haina: mkaaji ambaye hajazaliwa aliandikwa tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa hayuko alikuwa na lake.

Na mkaaji asipoandikwa na wenye nyumba, huja siku akaingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi. Watu wangali wanabishana kama hatua ile ilikuwa haki, na kama wapangaji walifaidi kwa kadiri iliyotarajiwa. Wapo waliopoteza jasho la maisha yao. Hukumu ya jambo hilo naiachia historia. Funzo moja lakini laonekana bila ya ubishi: manung'uniko ya watu wasioitwa mezani hayafi kwa kutosikiwa. Hukusanyika, na yakisha kukusanyika hayachagui tena baina ya mwenye nyumba mwema na mwenye nyumba mbaya. Mshauri amtakiaye mwenye mali usalama wa miaka 30, na si wa miezi 9, ana sababu ya kumwambia hivyo.

Sikusema kuwa wema hulipa siku zote. Hesabu yetu yenyewe imeonyesha kuwa kuna faida ipatikanayo kwa kubana, na mshauri akisema haipo atakuwa amedanganya kwa ajili ya wema, nao ni udanganyifu ule ule. Niliyosema ni machache kuliko hayo. Mwenye mali ana haki ya kuijua hesabu yote. Mshauri ana haki ya ujira wake. Mkaaji ana haki ya kutajwa kabla ya sahihi kutiwa, na haki ya kuamka asubuhi akiwa hai katika chumba alicholipia kwa deni. Methali yetu yaweza kubaki kama ilivyo, maana ada ya dunia haibadiliki kwa insha. Lakini kila mtu apewaye ujira wa kusema, mahali ambapo mwingine hawezi kusikika, aweza kuifanya methali hiyo iwe uongo kwa siku moja, kwenye meza moja, kwa chumba kimoja. Vyumba hujengwa kimoja kimoja.